Si Kila Maumivu ya Tumbo ni Vidonda



Wasomaji wetu watukufu, hasa akina mama na dada zetu wa Kisii na Nyamira, safu ya wiki hii ni yenu. Miongoni mwa jamaa zetu waishio kule nyanda za juu, Wanubi, Waswahili waliohamia kutoka pwani, Wasomali na Wagusii waliosilimu, kuna neno moja linalotajwa karibu kila maradhi ya tumbo yanapozungumzwa: vidonda. Mwenye kiungulia husema ana vidonda. Mwenye gesi husema ana vidonda. Anayesongwa na chakula anapomeza naye huambiwa na majirani kuwa ni vidonda, akanunuliwa vidonge vyeupe vya kutafuna, akanywa maziwa, akangoja.

Kungoja huko ndiko kunakotushughulisha leo. Maradhi mengi ya tumbo ni mepesi na hutulia kwa kubadili mazoea. Machache ni mazito na hutibika yakiwahiwa. Yote yakipewa jina moja, mepesi na mazito huchanganyika, na mgonjwa mwenye maradhi mazito hupoteza miezi aliyoihitaji sana. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaweza kuongeza kwamba anayeyapa maradhi jina lisilo lake hana tofauti kubwa na anayeyaficha.

Kiungulia

Chakula kikishatafunwa hupita katika umio, yaani mrija unaotoka kooni hadi tumboni. Mwishoni mwa umio kuna msuli unaofunguka kupitisha chakula, kisha ukajifunga. Tumbo lina asidi kali ya kusaga chakula na kuua vijidudu. Ukuta wa tumbo umekingwa na ute dhidi ya asidi hiyo, lakini umio haukukingwa hivyo. Msuli ule ukilegea, asidi hupanda na kuunguza. Hicho ndicho kiungulia: moto nyuma ya kidari, ladha ya uchachu mdomoni, na hali kuwa mbaya zaidi mtu anapoinama au kulala.

Wajawazito hupatwa nacho sana, kwa kuwa homoni za mimba hulegeza msuli huo na mtoto tumboni hulisukuma tumbo juu. Wanene pia, na wavutao tumbaku au shisha, na wenye desturi ya kula shibe kubwa usiku kisha kwenda kulala moja kwa moja. Tiba ya kwanza haina gharama. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Acha muda wa saa 2 hadi 3 baina ya chakula cha usiku na kulala. Inua upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali, usitegemee mito tu. Chunguza ni chakula gani kinachokuchokoza wewe, maana si wote wanaosumbuliwa na pilipili, wala si wote wanaosumbuliwa na kahawa. Mjamzito asinywe dawa yoyote bila kumwuliza mkunga au daktari.

Vidonda vyenyewe

Kidonda cha tumbo ni jeraha halisi katika ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwa miaka mingi madaktari wa dunia nzima waliamini kwamba husababishwa na wasiwasi na vyakula vikali. Mwaka 1982, katika mji wa Perth nchini Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kukikuza katika maabara kijidudu kilichojipinda kinachoishi ndani ya ute wa tumbo. Wenzao walipokuwa wagumu kusadiki, Marshall alikinywa kijidudu hicho mwenyewe mwaka 1984, akapatwa na uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho huitwa Helicobacter pylori, na katika maabara zetu watu hufupisha na kusema «echi pailori».

Kijidudu hiki huingia mwilini mara nyingi utotoni, na huambukizwa ndani ya nyumba kwa njia ya mdomo, matapishi na kinyesi. Kwa hiyo mama asimtafunie mtoto chakula. Tena sisi tunaostanji kwa maji tuna wajibu wa ziada: mkono uliotumika uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, si kwa maji matupu. Wengi wenye kijidudu hiki hawaugui kamwe, lakini baadhi hupata vidonda, na wachache hupata saratani ya tumbo. Ndiyo sababu tangu mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limekiweka katika orodha ya visababishi vya saratani.

Kisababishi cha pili kimejaa mikobani mwetu: dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza ule ute unaolinda tumbo. Mama anayechuma chai siku nzima katika miteremko ya Nyamira, mgongo ukamuuma, akanywa diklofenaki asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa bila chakula, anajichimbia kidonda kwa mkono wake. Parasetamoli haina madhara hayo kwa tumbo, ikitumiwa kwa kipimo chake. Mwenye maumivu ya kudumu na amwone daktari, asijitibu dukani.

Basi utajuaje kama una kijidudu? Vipimo vinavyoaminika ni kile cha pumzi, kile cha choo, na kamera inayopitishwa kooni hadi tumboni. Kipimo cha damu kinachotafuta kinga za mwili kina kasoro moja kubwa: huweza kuonyesha kuwa unacho hata miaka kadhaa baada ya kupona. Wako waliotibiwa mara tatu na nne kwa sababu ya karatasi ya kipimo hicho. Uliza unapimwa kwa njia ipi. Ukipimwa choo, fahamu kwamba omeprazoli na dawa za jamii yake zinapaswa kusimamishwa wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4 kabla, la sivyo jibu laweza kudanganya. Mwenye kuzitumia kwa amri ya daktari amwulize kwanza kabla ya kuziacha.

Tiba ni mchanganyiko wa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Anayeacha siku ya tano kwa kuwa ameona nafuu humwachia mdudu nafasi ya kuwa sugu. Baada ya kumaliza, pima tena baada ya wiki 4 au zaidi ili kuthibitisha kwamba ametoka. Maziwa si tiba ya vidonda. Hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo litoe asidi nyingine.

Kuhara, taifodi na maji ya chemchemi

Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi zaidi nchini Kenya. Milima ni miteremko, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na vyoo vya shimo viko juu ya chemchemi ambazo watu huteka maji. Maji huweza kuwa maangavu machoni yakawa yamebeba uchafu. Yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini, kisha yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba.

Mtoto akihara, hatari ya kwanza si kuhara kwenyewe bali ni kukauka maji mwilini. Mpe ORS tangu choo cha kwanza chepesi. Ukikosa pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, na akitapika ngoja dakika 10 kisha uendelee. Pamoja na hayo hupewa zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Usimwachishe kunyonya wala kula. Chanjo ya virusi vya rota, iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2014, ni bure katika vituo vya serikali, na hupewa mtoto mchanga mapema, usiikose. Macho yakidumbukia, mkojo ukikatika, mtoto akilegea au akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Hapa pana jambo jingine linalowagharimu wengi. Mtu huenda kliniki na tumbo linalouma na uchovu, akatolewa damu, akaambiwa ana taifodi. Mwezi unaofuata tena taifodi, na sindano upya. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, nacho huweza kusema ndiyo kwa mtu asiye na taifodi, kwa sababu ya maambukizi mengine au ya zamani. Taifodi ya kweli huja na homa ya siku nyingi inayopanda, na kipimo chenye uhakika zaidi ni kuotesha damu katika maabara. Ukiambiwa una taifodi kila mwezi na huna homa, elekea zaidi kuuliza kama ugonjwa ni mwingine.

Kufunga choo, na maziwa yasiyokubali

Kufunga choo kuna aibu yake, na wanawake wengi hunyamaza nako. Chakula cha asili cha Kisii ni tiba nzuri ya tatizo hili: ugali wa wimbi, ndizi, parachichi, na mboga kama chinsaga na rinagu, ambazo pwani twaziita mgagani na mnavu. Vyote vina nyuzinyuzi. Tatizo huanza tunapoviacha na kushika mkate mweupe, chapati na chipsi asubuhi na jioni, na maji tukanywa kikombe kimoja. Kunywa maji, tembea, na ukihisi haja usiizuie. Haluli ya kila wiki huzoeza utumbo uvivu. Mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma afahamu kwamba hivyo pia hufunga choo, na hukifanya kiwe cheusi. Hilo peke yake si hatari, ila amweleze mkunga. Kujikamua kwa muda mrefu huzaa bawasiri. Lakini damu chooni isihesabiwe kuwa ni bawasiri mpaka daktari aangalie.

Wako pia wanaojaa gesi, tumbo likanguruma na wakahara kila wanywapo chai ya maziwa. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Miongoni mwa jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki uwezo huo hudumu zaidi, kama uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Kenya, Tanzania na Sudan ulivyoonyesha, lakini si kila mtu anao. Jaribu kuacha maziwa mabichi kwa wiki 2 uone. Maziwa ya mgando huvumiliwa vizuri zaidi, kwa kuwa sehemu ya sukari hiyo imekwisha kuliwa na vijidudu vya kugandisha.

Dalili zisizongojewa

Sasa tufike katika jambo zito. Kuna ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi kusini mwa Afrika, ambamo saratani ya umio huonekana kwa wingi usio wa kawaida. Magharibi ya Bonde la Ufa ni sehemu ya ukanda huo. Jirani kabisa na Nyamira, katika kaunti ya Bomet, Hospitali ya Tenwek imekuwa kwa miaka mingi ikiuchunguza na kuutibu ugonjwa huu, na madaktari wake waliandika kuhusu wagonjwa ambao hawakufikisha hata miaka 30. Huwapata pia watu wasioonja pombe wala kuvuta tumbaku.

Dalili yake ya kwanza huwa ndogo: nyama au ugali unaonekana kukwama kifuani, mtu anateremsha kwa maji. Baada ya wiki kadhaa hata uji hukwama. Uzito hupungua. Wengi katika muda huo wamekuwa wakitafuna dawa za vidonda. Wanapofika kwenye kamera, uvimbe umekwisha kuziba njia, na kilichobaki mara nyingi ni kuwekewa mrija wa chuma ili chakula kipite. Uvimbe ukionekana mapema, upasuaji na tiba nyingine huwa na nafasi.

Kwa hiyo kila msomaji ashike dalili hizi, na asizinunulie dawa dukani: kumeza kwa shida au kwa maumivu, kupungua uzito bila kukusudia, kutapika damu au kitu cheusi kama machicha ya kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami, au chenye damu, upungufu wa damu usiojulikana sababu, kutapika kusikokoma, macho kuwa manjano, uvimbe unaopapasika tumboni, na maumivu mapya ya tumbo kwa mtu aliyepita miaka 45 au 50 ambaye hakuwa nayo kabla. Mwenye mojawapo aombe barua ya rufaa na aulize waziwazi kuhusu kipimo cha kamera, iwe katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, hospitali ya rufaa ya kaunti ya Nyamira, au kwingineko. Anayetapika damu asingoje rufaa. Apelekwe mara moja.

Na kuna kinga moja iliyo katika kikombe. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuna baridi, kuna chai ya Nyansiongo, Kebirigo na Sanganyi, na mgeni hukirimiwa kwa kikombe kinachofuka moshi. Mwaka 2016 lile shirika la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 yumkini husababisha saratani ya umio. Chai haina kosa. Kosa ni moto. Iache ipoe mpaka uweze kunywa funda zima bila kupuliza wala kunyonya kwa sauti. Mama akimpa mgeni chai iliyopoa kidogo hajamvunjia heshima, amemhifadhi.

Saumu na mgonjwa wa tumbo

Wako dada zetu wenye vidonda vilivyothibitishwa ambao hufunga kwa siri ya maumivu, wakiona haya kuonekana wakila mchana, au wakihofia maneno ya mawifi. Dada yangu, Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratul Baqara amempa mgonjwa ruhusa, naye ndiye aliyeifaradhisha saumu. Ruhusa Yake haikuhitaji idhini ya jirani. Tabibu mwaminifu akisema kufunga kutakudhuru, kula, kisha ulipe siku hizo utakapopona. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona hutoa fidia, na kwa madhehebu ya Imam Shafi tuliyoyazoea pwani ni kibaba kimoja cha chakula kikuu kwa kila siku. Mwulize sheikh wako akufafanulie hali yako.

Si kila mwenye vidonda huzuiwa kufunga. Kidonda kinachotoa damu, au kilichogunduliwa karibuni na bado kinatibiwa, ni hatari. Aliyemaliza tiba na kupona mara nyingi hufunga bila tabu. Wa katikati aende kwa daktari mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, si siku ya kumi ya mfungo. Kule Kisii, karibu na Ikweta, saumu ni saa 13 na ziada kila mwaka. Dawa zinazonywewa mara moja au mbili kwa siku zaweza kupangwa wakati wa daku na futari. Omeprazoli hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa nusu saa kabla ya kula.

Na wenye kiungulia wakumbuke kwamba adui wao si njaa ya mchana bali sinia ya magharibi: viazi karai, bajia, sambusa na mahamri kwa mpigo mmoja, kisha kulala baada ya tarawehe. Fungua kwa tende na maji, kunywa supu au uji, sali, halafu kula kwa kiasi. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuligawa tumbo: fungu la chakula, fungu la kinywaji, na fungu la pumzi. Ni mafunzo ambayo kila daktari wa tumbo angeyatia sahihi.

Mume anayesoma haya amtazame mkewe anavyokula. Ikiwa amekuwa wa mwisho kumaliza sahani, anateremsha kila tonge kwa maji, na kanga inamzunguka mara mbili kuliko mwaka jana, asimwambie ni vidonda. Ampangie nauli.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe wenye kuwahi. Amin.